Mkopo wa Ujanani, Pensheni ya Uzeeni

Mwezi wa Desemba 2018 nchi nzima ilizungumza habari ya kikokotoo. Kanuni mpya za mafao, zilizofuata kuunganishwa kwa mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, zilitaka mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya haki yake, na iliyobaki alipwe kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Walimu, wauguzi na makarani waliobakiza miaka miwili mitatu kazini walilalamika kwa sauti kubwa, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais John Magufuli akaziweka kando kanuni hizo. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa wale ambao zamani wangepata nusu, na asilimia 35 kwa wale ambao zamani walipata robo.

Tumeyafuatilia majadiliano hayo tangu mwanzo wake, na jambo moja limetushangaza. Kila mmoja ametoa hoja juu ya kiasi kinachostahili kulipwa kwa mkupuo. Wachache mno wameuliza kwa nini mtu wa miaka 60 azitake fedha zake zote kwa siku moja, hata kama kwa kufanya hivyo anajipunguzia riziki ya kila mwezi kwa umri wote uliobaki. Wengine wanataka kujenga, na ni haki yao. Lakini ukiketi nao faraghani utasikia neno jingine, nalo ni deni. Kiinua mgongo kinangojewa ili kifute mkopo wa benki, na mkopo huo ulichukuliwa ili kufuta mwingine, na mwanzo wa mnyororo uko nyuma sana, katika miaka ya kwanza ya kazi. Kuna tofauti moja tu kati ya vizazi. Mzee wa leo aliuanza mnyororo wake akiwa tayari anapokea mshahara. Kijana wa leo anaingia kazini akiwa amekwisha kufungwa nao.

Kwa hiyo leo tutaitazama hati ya kwanza ya mshahara ya kijana, na tutaitazama kutoka mikoa ya Mbeya na Iringa. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba atauliza kwa nini tumsafirishe hadi kwenye baridi ya Mafinga ilhali madeni tunayo hapa hapa. Zipo sababu mbili. Kwanza, elimu ya juu ni jambo la Muungano, na vijana wetu huvuka bahari kwenda kusoma na kufanya kazi pamoja na wenzao wa bara, wakiwamo wale wanaokwenda Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kule Iringa. Pili, watu wa nyanda hizo wana namna yao ya kujiwekea akiba ya uzeeni ambayo mtu aliyekulia chini ya mikarafuu ataielewa bila kuelezwa mara mbili.

Tuanze na hati yenyewe. Tuseme mwalimu kijana ameajiriwa katika shule ya sekondari wilayani Mufindi, na mshahara wake wa msingi ni Sh. 800,000, tarakimu hii tumeichagua kwa wepesi wa hesabu. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, hukata asilimia 5, ambazo ni Sh. 40,000, na mwajiri huongeza asilimia 15 juu yake. Bima ya afya, asilimia 3, ni Sh. 24,000. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2, ni Sh. 16,000. Kodi ya mapato inakuja Sh. 68,000. Kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambazo ni Sh. 120,000. Jumla ya makato ni Sh. 268,000, na kijana anabaki na Sh. 532,000.

Tazama uwiano wa tarakimu mbili. Kwa kila shilingi moja ambayo kijana huyu anaiweka mwenyewe kwa ajili ya uzee wake, analipa shilingi tatu kwa ajili ya masomo yaliyokwisha kupita.

Hatusemi kwamba ameonewa. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na ikapewa pia jukumu la kudai mikopo ambayo Serikali ilikuwa imeitoa tangu 1994. Fedha inayorejeshwa na mwalimu wa Mufindi ndiyo inayomlipia ada na chakula mdogo wake aliyepo chuoni leo. Kijana anayesema mkopo wa Bodi ni zawadi ya Serikali anamnyang'anya anayemfuata. Hilo tunalisema wazi ili maneno yetu ya baadaye yasije yakageuzwa kuwa utetezi wa wakwepaji.

Lakini historia ya kiwango hicho yafaa ikumbukwe. Hadi 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yakayapandisha hadi asilimia 15, karibu mara mbili, bila kutofautisha anayeanza kazi na aliyekwisha kupanda vyeo. Wakati huo huo ilikuwapo tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Kwa mwenye deni la Sh. 12,000,000, tozo hiyo peke yake ilifikia Sh. 720,000 kwa mwaka wa kwanza, yaani Sh. 60,000 kwa mwezi. Katika kiwango cha zamani cha asilimia 8 mwalimu wa mfano wetu angalilipa Sh. 64,000 kwa mwezi, na deni lingalipungua kwa Sh. 4,000. Watu walilipa miaka mitano wakakuta deni limesimama pale pale kama mlima Rungwe. Rais Samia Suluhu Hassan aliiondoa tozo hiyo mwaka 2021, akitangaza siku ya Mei Mosi mjini Mwanza, na ahsante tulizozisikia wakati ule zilikuwa za haki.

Kuondolewa kwa tozo kulibadili hesabu nzima, na hapa ndipo tunapodhani vijana wengi, na hata maofisa wengi, hawajakaa wakapiga hesabu upya. Tangu wakati huo mkopo wa Bodi hauongezeki. Deni la Sh. 12,000,000 likilipwa kwa Sh. 120,000 kila mwezi linakwisha kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Kwa mkopaji, hili ndilo deni la bei nafuu kuliko yote atakayoyapata maishani mwake. Ajabu ni kwamba deni hilo la bei nafuu ndilo linalokatwa kwanza na kwa kasi kubwa, na kwa kuwa limekula sehemu nono ya mshahara, kijana huenda kuziba pengo kwa deni la bei ghali.

Na milango ya deni ghali iko wazi. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Theluthi ya Sh. 800,000 ni kama Sh. 267,000. Mwalimu wetu anabaki na Sh. 532,000. Sheria iliyotungwa kumlinda asifilisike inasomwa na wakopeshaji kama tangazo kwamba zimebaki Sh. 265,000 ambazo bado hazijakatwa. Benki itamkopesha kwa miaka sita, saba na zaidi, kwa riba ambayo kwa wastani nchini imekuwa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Akishafika mwisho wa theluthi, benki haitampa tena, ndipo huenda kwa wakopeshaji wa mitaani. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, nao ni asilimia 42 kwa mwaka. Na wapo wasiojali ukomo wowote, hata wananchi wakaupa mkopo wa namna hiyo jina la kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ukisimama Mwanjelwa jijini Mbeya mchana kweupe, usidhani kila kijana anayetazama simu yake kwa uso uliokunjamana anasoma habari za mpira.

Ndipo linakuja suala la miti.

Katika wilaya za Mufindi na Kilolo, mtu akipata fedha kidogo hununua eka mbili tatu za ardhi na kupanda misindano au milingoti. Shamba la Serikali la Sao Hill liliwafundisha wenyeji kwamba mti ni mali, na leo hii wapandaji si wakulima peke yao. Mwalimu, askari, muuguzi, hata karani aliyehamishiwa Dar es Salaam, kila mmoja anazo eka zake mahali. Msindano wa mbao nzuri unahitaji miaka 18 au zaidi. Kijana wa miaka 27 akipanda leo, atakata akiwa na 45, atapanda tena, na awamu ya pili itamkuta anastaafu. Hii ni pensheni, tena pensheni iliyobuniwa na watu wenyewe pasipo sheria wala kanuni. Kule Rungwe wanafanya vivyo hivyo kwa parachichi na ng'ombe wa maziwa, nayo matunda yake huja mapema zaidi; lakini mti wa mbao ndio unaodai subira kubwa, na kwa hiyo ndio unaoonyesha vizuri zaidi deni linavyomfanya mtu.

Kwa maana miti mingi haifiki miaka 18. Inakatwa ikiwa na minane au kumi, myembamba, ikitoa ubao dhaifu wa bei ya chini. Sababu moja ni moto wa kiangazi, ambao huwafanya watu waogope kungoja. Sababu nyingine ni ada za watoto. Sababu ya tatu ni deni. Mnunuzi wa mbao anajua mwenye shamba anadaiwa na nani na kwa tarehe gani, na bei anayoitaja inafuata tarehe hiyo, haifuati unene wa mti. Mtu aliyepanda kwa ajili ya uzee wake anauza ujana wa miti yake ili kulipia ujana wake mwenyewe.

Mzee yeyote wa Unguja au Pemba anaufahamu mkasa huu. Wenye mashamba ya mikarafuu waliokopa kwa ajili ya palizi, harusi na maziko waliuza mavuno yangali mtini, na hatimaye mashamba yenyewe yakawa rehani. Hali ilifikia hata serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na huruma nyingi kwa mwananchi, ikatoa mwaka 1934 amri za kuzuia mashamba yasihamie kwa wadai. Tunaikumbusha historia hiyo kwa sababu moja tu: wenye mikarafuu wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na mali ya miaka mingi na madeni ya miezi michache.

Wapo watakaosema kwamba kijana wa leo hapendi kuweka akiba kwa ajili ya uzee kwa sababu ya anasa. Anasa ipo, hatukatai. Lakini ipo pia kumbukumbu. Babu yake huenda alichangia Mfuko wa Akiba wa Taifa, NPF, ulioanzishwa 1964 na uliolipa kwa mkupuo mmoja. Na katika miaka ya 1980, bei zilipokuwa zikipanda kwa takribani asilimia 30 kila mwaka, mkupuo wa miaka ishirini ya kazi uliweza kuishia dukani kwa safari chache. Mfuko huo ulibadilishwa kwa sheria ya mwaka 1997 kuwa NSSF, unaolipa pensheni ya kila mwezi, na mabadiliko yalikuwa ya busara. Jirani wa babu huenda alikuwa mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, na miaka thelathini baadaye wazee wale walikuwa bado wanadai mafao yao. Na Serikali yenyewe ilikuwa mdaiwa wa mifuko kwa miaka mingi, kwa ajili ya watumishi wa kabla ya 1999 ambao michango yao haikuwa imewekwa, hadi ilipotoa hatifungani maalumu ya Sh. trilioni 2.17 ili kuanza kulifuta deni hilo. Tunalitaja kwa heshima, na kwa kuwakumbusha maofisa wetu kwamba hata wao wanajua ugumu wa kulipa deni la jana na kuweka akiba ya kesho kutoka katika mfuko mmoja.

Licha ya hayo yote, tungependa kijana wa Mufindi ajue kwamba pensheni yake ya lazima si kitu kidogo. Akichangia kuanzia miaka 25 hadi 60, yaani miezi 420, kanuni ya sasa inampa sehemu 420 kati ya 580 za wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu, nazo ni karibu asilimia 72. Akishachukua mkupuo wa asilimia 35, pensheni ya mwezi inakuwa chini kidogo ya nusu ya mshahara wake. Nusu hiyo inamtosha mtu asiyedaiwa, mwenye nyumba yake na miti yake. Haimtoshi anayedaiwa, na huyo ndiye atakayepigania mkupuo kwa nguvu zote, kwa sababu pensheni ya kila mwezi hailipi deni la mara moja.

Hali ya aliye nje ya utumishi wa umma ni ngumu zaidi. Kijana anayefanya kazi katika mashamba ya chai au viwanda vya mbao huchangiwa NSSF asilimia 20 pamoja na mwajiri wake, lakini kazi hukatika, na asipotimiza miezi 180 ya michango hapati pensheni ya mwezi. Zamani angechukua fao la kujitoa akaondoka nalo. Tangu sheria ya 2018 amewekewa badala yake fao la kukosa ajira. Tunaelewa nia yake, ambayo ni kulinda uzee wa mtu dhidi ya shida zake za leo. Ila kwa kijana asiye na kazi, mwenye barua ya Bodi mkononi, nia hiyo ni ngumu kuiona. Na mhitimu aliyejiajiri, mwenye duka dogo Kabwe au bodaboda Ipogolo, anadaiwa na Bodi kama wengine ilhali hakuna mwajiri wa kumchangia hata senti.

Tunayo mapendekezo mawili kwa Serikali zote mbili.

La kwanza ni kwamba kiwango cha marejesho kifuate umri wa ajira. Mtumishi akatwe asilimia 8 katika miaka mitano ya kwanza, kisha asilimia 15 baada ya hapo. Katika mfano wetu, angebakiwa na Sh. 56,000 zaidi kila mwezi, ambazo kwa miaka mitano ni Sh. 3,360,000. Deni lake lingekwisha kwa miezi 128 badala ya 100. Bodi ingesubiri miezi 28 zaidi, na kwa kuwa mkopo hauna tena tozo, kupungua kwa thamani ya fedha katika muda huo kungebebwa na Bodi. Hiyo ni hasara halisi, na mwanafunzi anayesubiri mkopo ndiye atakayeihisi. Tumeipima, na bado tunaiona ni ndogo kuliko faida, kwa sharti kwamba nafuu hii wapewe wale tu ambao walau nusu yake inakwenda moja kwa moja kwenye akiba ya hiari ya mfuko wa pensheni au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ule wa Umoja, ulioanzishwa 2005. Pasipo sharti hilo nafuu itakuwa chambo kingine kwa wakopeshaji. Pengo la Bodi lizibwe kwa kuwatafuta wasiolipa kabisa, badala ya kumkamua zaidi yule ambaye mshahara wake uko wazi mezani kila mwezi.

La pili halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Mwezi wa 101, mwalimu wetu atakapomaliza deni la Bodi, mshahara wake utaongezeka kwa Sh. 120,000 bila kupandishwa cheo. Amekwisha kuzoea kuishi bila fedha hizo kwa miaka minane. Hakuna wakati mwingine katika utumishi wake ambapo kuweka akiba kutamuuma kidogo namna hiyo. Bodi inaijua tarehe hiyo. Mwajiri anaijua. Ofisa mikopo wa benki anaijua pia, na huwa amepiga simu kabla ya mwezi kuisha. PSSSF peke yake ndiyo haina habari. Tunaomba miezi mitatu kabla ya deni kwisha, Bodi impelekee mtumishi hesabu yake ya mwisho pamoja na fomu moja ya mfuko wake wa pensheni, ambayo akiitia saini, Sh. 120,000 hizo, au sehemu yake, zitaendelea kukatwa kwa jina lake mwenyewe. Asiyetaka asitie saini.

Kwa upande wa visiwani jambo hili ni jepesi zaidi. Tunayo Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na tunao Mfuko wetu wa Hifadhi ya Jamii tangu 1998, vyote chini ya Serikali moja ya Mapinduzi. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyotangulia mwaka 2016 kwa kuanza kuwalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70 bila kuwauliza kama waliwahi kuchangia, kwa kuanzia na Sh. 20,000 kwa mwezi. Fomu tunayoizungumzia yaweza kuandikwa na maofisa wawili, mmoja kutoka kila taasisi, katika mkutano wa asubuhi moja hapa mjini. Tungependa kusikia kutoka kwa taasisi hizo mbili kama mkutano huo unaweza kufanyika kabla ya bajeti ijayo kusomwa katika Baraza la Wawakilishi, na ukurasa huu utayachapa majibu yao.